Mapolisi wawili, gari moja

Hebu msomaji, fanya hivi leo jioni baada ya chakula. Tafuta sinema yoyote ya Kimarekani iliyo na polisi wawili kwenye picha ya jalada, mmoja akiwa amenuna na mwenzake akicheka. Kabla hujaiwasha, waambie watoto kwamba wewe ni mganga na utawatabiria yatakayotokea. Waambie kwamba wawili hawa watalazimishwa na mkubwa wao kufanya kazi pamoja. Watatukanana ndani ya gari. Mmoja ataka kufuata sheria, mwingine ataka kuipita dirishani. Kabla ya sinema kufika katikati watapigana, au watakaribia kupigana. Mkubwa wao atawafokea mpaka mishipa ya shingo imtoke, awanyang'anye beji, nao wataendelea na kazi ile ile bila beji. Gari zuri litaharibika. Mwishowe mmoja atamwokoa mwenzake, watacheka, na muziki uanze.

Ukikosea, niandikie barua unilaumu.

Ajabu ni kwamba sote tunayajua haya na bado tunakaa kutazama. Kwangu nyumbani sinema hizi huangaliwa na vizazi vitatu kwa pamoja. Yupo mjomba wangu, sajini mstaafu wa polisi, ambaye hutujia Jumapili baada ya kanisa. Nipo mimi niliyezitazama kwanza nikiwa mtoto katika kibanda cha video, tukibanana kwenye benchi. Na wapo wanangu wawili, ambao hawaamini kwamba baba yao aliwahi kulipa pesa ili akae gizani kutazama kanda iliyokwaruzika.

Asili ya hadithi hizi ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1949, Mjapani Akira Kurosawa alitengeneza Stray Dog, kisa cha mpelelezi kijana aliyeibiwa bastola yake katika gari la abiria lililojaa pomoni (mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi), akaungana na mpelelezi mzee na mtulivu kuitafuta. Mwaka 1967 ikaja In the Heat of the Night, ambamo Sidney Poitier ni mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia anayekamatwa katika stesheni ya reli ya mji mdogo huko Mississippi, kosa lake likiwa ni kuwa mweusi mwenye pesa mfukoni. Baadaye anajikuta akichunguza mauaji pamoja na mkuu wa polisi wa mji huo huo. Sinema hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya sinema bora. Hakuna kicheko kingi humo, lakini mbegu ndiyo hiyo.

Iliyowafungua macho matajiri wa Hollywood kwamba ugomvi wa aina hii unauza tiketi ni 48 Hrs., ya mwelekezi Walter Hill, mwaka 1982. Nick Nolte ni Jack Cates, polisi wa San Francisco, mnene wa sauti, nguo zimekunjamana kama mtu aliyelalia koti lake. Mhalifu mmoja aliyetoroka jela amemwachia aibu ya kumnyang'anya bastola na kuitumia kuua polisi. Cates anamtoa gerezani mwizi aliyewahi kushirikiana na mhalifu huyo, ili amsaidie kumsaka. Muda aliopewa ni saa 48 tu. Mwizi huyo, Reggie Hammond, ni Eddie Murphy akiwa na umri wa miaka 21, na hiyo ndiyo sinema yake ya kwanza.

Kuna onyesho moja ambalo, likifika, hata mjomba huacha kutafuna. Hammond anaazima beji ya Cates na kuingia katika baa ya wazungu waliovaa kofia za kauboi, mahali ambapo mtu mweusi hakaribishwi. Hana bunduki, hana cheo, na kesho kutwa anarudi jela. Anachukua glasi, anapasua kioo cha baa, anatangaza kwamba yeye ndiye serikali, na baa nzima inafyata mkia. Watu hucheka, na wana haki ya kucheka. Lakini hebu tafakari, msomaji. Onyesho hilo linasema kwamba kinachoogopwa ni kile kipande cha chuma, na kwamba ukimvika yeyote, hata mfungwa, atasimama wima na kuanza kusukuma watu. Sidhani kama kuna kitabu cha siasa kilicholieleza jambo hilo haraka hivyo.

Wale mnaoitazama na watoto, jihadharini. Cates anamtupia Hammond matusi ya rangi tangu mwanzo, matusi mazito yasiyofaa kutamkwa mezani. Wanapigana ngumi barabarani usiku. Baadaye sana Cates anaomba msamaha kwa shingo upande, akidai alikuwa akifanya kazi yake tu, na Hammond anamjibu kwamba kazi haielezi kila kitu. Jibu ni fupi, na sinema inasonga mbele. Nilipokuwa mtoto sikulisikia kabisa. Siku hizi ndilo ninalolingojea.

Miaka miwili baadaye, 1984, Murphy huyo huyo akawa polisi kweli katika Beverly Hills Cop. Jukumu hilo lilikuwa la Sylvester Stallone kabla hajajitoa, na mtu hawezi kujizuia kufikiria tungepata sinema gani ya kukunja uso. Murphy ni Axel Foley, polisi wa Detroit aliyevaa jinzi na fulana, anayemtafuta muuaji wa rafiki yake katika mtaa wa matajiri ambapo polisi ni wasafi na wenye adabu kama makarani wa benki. Rosewood na Taggart wanatumwa wamfuate, wakae ndani ya gari nje ya hoteli yake. Yeye anawaagizia chakula kutoka jikoni kiletwe hadi garini, na wakati wanashangaa anawatilia ndizi katika bomba la moshi la gari lao. Wanangu walipoiona, nililazimika kukagua gari la jirani kila asubuhi kwa muda wa wiki moja.

Jambo la kuangalia hapo ni uongo. Mwanzoni Foley anamdanganya mkubwa wao ili kuwakinga Taggart na Rosewood, nao wanakataa na kusema ukweli, kwa sababu hivyo ndivyo walivyofunzwa. Mwishoni, baada ya risasi nyingi kufyatuliwa katika jumba la tajiri, mkubwa yule yule mwenye msimamo anasimama mbele ya mkuu wake na kudanganya ili kuwakinga wote. Watazamaji hupiga makofi. Mjomba hakupiga. Alisema tu, "Sasa wamemharibu yule mzee."

Mjomba ana ugomvi wa kudumu na sinema hizi, na ugomvi wenyewe ni wa makaratasi. Hakuna anayeandika! Polisi wa Hollywood akishafyatua risasi sitini na kuangusha jengo, anakwenda kunywa kahawa. "Mimi," mjomba husema, "risasi nilizopewa jioni zilihesabiwa asubuhi. Ikipungua moja, unaandika taarifa mpaka mkono ufe ganzi. OB ya hawa iko wapi?" Humjibu kwamba hii ni sinema. Hujibu kwamba anajua ni sinema, anauliza tu OB iko wapi.

Lakini ipo moja anayoisamehe yote, nayo ni Lethal Weapon ya mwaka 1987. Mwandishi wake, Shane Black, alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na mwelekezi alikuwa Richard Donner, aliyefariki mwaka 2021. Danny Glover ni Roger Murtaugh, baba wa watoto watatu, ambaye tunamkuta ndani ya beseni la kuogea akiimbiwa na familia yake kwa kutimiza miaka 50. (Glover mwenyewe alikuwa na miaka 40 tu, kwa hivyo mvi zile ni za kupakwa.) Mel Gibson ni Martin Riggs, mjane anayeishi na mbwa katika nyumba ya magurudumu kando ya bahari. Siku za Krismasi, akiwa na picha ya arusi mkononi, anajitia mtutu wa bastola mdomoni na kushindwa kuufyatua.

Ndugu msomaji, hicho ndicho kichekesho! Na bado ni kichekesho, kwa sababu Donner alielewa kwamba mtu asiyejali kufa akikalishwa karibu na mtu anayetaka tu kufika kwenye pensheni yake, kila safari ya gari inakuwa vita. Riggs anatumwa kumshawishi mtu asijirushe kutoka ghorofani. Anamfunga pingu, mkono kwa mkono, kisha anaruka naye. Chini kuna mfuko mkubwa wa hewa, lakini Murtaugh nusura azimie. Anamkalisha Riggs chini na kumuuliza waziwazi kama kweli anataka kufa. Kinachomponya Riggs, ukitazama vizuri, hakina risasi ndani yake. Anaalikwa chakula cha jioni. Anakaa na watoto wa mwenzake, anasimangwa, anakula mapishi ya mama watoto ambayo kila mtu anayacheka. Mwisho wa sinema analeta zawadi ya Krismasi mlangoni kwa Murtaugh: ile risasi aliyokuwa amejiwekea yeye mwenyewe.

Sehemu ya pili, iliyotoka Julai 1989, inatuhusu sisi Waafrika zaidi. Maadui ni wanadiplomasia wa Afrika Kusini ya makaburu, wanaofanya biashara ya dawa za kulevya na kulipwa kwa sarafu za dhahabu za Krugerrand, huku wakijifunika kwa kinga ya kibalozi. Wakati huo Nelson Mandela bado alikuwa gerezani; alitoka tarehe 11 Februari 1990. Kumbuka pia kwamba Glover alikuwa tayari ameigiza kama Mandela katika sinema ya televisheni ya mwaka 1987. Basi anapoingia katika ofisi ya ubalozi mdogo na kumwambia karani mzungu kwamba anataka kuhamia Afrika Kusini, na karani anababaika asijue namna ya kumweleza mtu mweusi kwa nini hilo si wazo jema, kicheko kinachotoka kina ladha yake. Sinema ya risasi na magari iliwafikishia vijana wa Marekani suala ambalo wengi wao hawangelisoma gazetini.

Ndani ya sehemu hiyo hiyo kuna onyesho la choo. Murtaugh ameketi, suruali iko miguuni, na ameona maandishi yanayomjulisha kwamba akiinuka bomu litalipuka. Riggs anaweza kuondoka. Wataalamu wa mabomu wanamtaka aondoke. Yeye anabaki, anamshika mwenzake mikono, na wawili hao wanajitupa pamoja kwenye beseni la kuogea. Kila likifika hapo, mjomba huniambia nirudishe nyuma.

Nilichukua miaka kujua kwa nini. Mwishoni mwa mwaka 2007 alikuwa katika kituo kimoja cha Bonde la Ufa, na mwenzake wa doria ya usiku alikuwa konstebo kijana. Mjomba ni mlokole. Kijana alikuwa akitafuna miraa usiku kucha na kupiga mbinja. Kwa wiki mbili za kwanza, asema mjomba, waliongea maneno yasiyozidi kumi, na mengi yalikuwa "wacha hizo mbinja." Kisha uchaguzi ukaja, na yaliyofuata tunayajua. Wawili hao walitoka katika jamii ambazo wakati huo zilitazamana kwa macho mekundu. Januari 2008 watu wa upande huu walimuuliza mjomba anatembeaje usiku na yule, mwenye bunduki, nyuma ya mgongo wake. Kijana naye aliulizwa hivyo hivyo na wa upande wake. Kadi za simu zilikuwa adimu na kijana hakuwa na habari za mama yake kwa siku nne. Mjomba alikuwa na kadi moja ya shilingi 50. Walipiga simu kila mmoja kwao, kwa zamu, wakikata kabla salio halijaisha ili mwingine apate. Hayo ndiyo aliyonieleza. Mengine ya mwezi ule hajawahi kuyasema, nami sijamuuliza.

Nisikupotoshe, hata hivyo, ukadhani sinema hizi ni za upendo mtupu. Kicheko chake kinasimama juu ya jambo zito: kwamba polisi mzuri ni yule anayevunja kanuni, na kwamba mshukiwa akipigwa kofi mbili atasema ukweli. Machi 1991, katika mji huo huo wa Riggs na Murtaugh, Los Angeles, polisi walinaswa kwa kamera ya video wakimpiga Rodney King kwa marungu akiwa chini. Tarehe 29 Aprili 1992 maafisa wanne walioshtakiwa waliponyoka mashtaka karibu yote, mji ukawaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Lethal Weapon 3 ilifika kwenye kumbi tarehe 15 Mei 1992, wakati majivu bado ya moto. Watu walijaa kuitazama. Sijui kama nishangae au nielewe.

Kwa haki, sinema hiyo ina Murtaugh akimpiga risasi kijana aliyemfyatulia, kisha kugundua kwamba ni rafiki wa mwanawe. Anajifungia katika mashua yake na pombe, na Riggs anakwenda kumtafuta huko. Onyesho hilo ni zuri. Dakika chache baadaye tumerudi kwenye milipuko. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, aliniuliza wazazi wa yule kijana walifanywa nini. Nilimwambia tunaonyeshwa mazishi. Akaniuliza, baada ya mazishi je? Huyu naye ameanza kuwa kama babu yake wa OB. Lakini mtoto anayekua Nairobi, ambaye katika miaka michache ataanza kusimamishwa barabarani usiku na kuulizwa kitambulisho, ana haki ya kuuliza. Nilizima, tukaongea. Hatukuimaliza sinema siku hiyo.

Zilizofuata nitazipitia mbio. Bad Boys ya 1995 ina Will Smith na Martin Lawrence. Magari ni mazuri kuliko hadithi, na zimeendelea hadi ya nne mwaka 2024, mwaka ambao Axel Foley naye alirudi akiwa na mvi. Mwaka 1989 polisi wawili tofauti walipewa mbwa kama wenzao, Tom Hanks akiwa mmoja wao katika Turner & Hooch, na mbwa wake alimshinda kuigiza. The Heat ya 2013, ya Sandra Bullock na Melissa McCarthy, ilithibitisha kwamba wanawake wawili wanaweza kutukanana garini vizuri sawa na wanaume, ila usiiweke watoto wakiwa macho.

Rush Hour ya 1998 inastahili neno la ziada. Jackie Chan ni inspekta Lee wa Hong Kong. Chris Tucker ni Carter wa Los Angeles, aliyetumwa kumpokea ili asiharibu uchunguzi wa wakubwa. Kwenye uwanja wa ndege Carter anampigia kelele polepole, kama watu wafanyavyo wakidhani mgeni ni kiziwi, na Lee anatabasamu tu. Baadaye Lee anafungua kinywa na Kiingereza kinatoka. Hakuwahi kusema hakijui. Carter ndiye aliyejiamulia. Nafikiri ndiyo sababu sinema za namna hii zilipata maisha ya pili huku kwetu mikononi mwa DJ Afro na wenzake, wanaozisimulia kwa Kiswahili chetu cha mtaani. Msimulizi anakuwa polisi wa tatu ndani ya gari, na mara nyingi ndiye mcheshi kuwashinda wawili wa mbele.

Ukitaka ya kutazama na watoto wadogo bila kushika rimoti kama bastola, chukua Zootopia ya mwaka 2016, katuni iliyoshinda Oscar. Judy ni sungura, polisi mpya. Mwenzake, Nick, ni mbweha tapeli anayelazimishwa kusaidia. Na mkubwa wa kituo anampa Judy muda wa kutatua kesi. Saa ngapi? 48! Aliyeandika hilo alijua anamsalimia nani. Judy anajiona hana ubaguzi, lakini kiunoni amebeba dawa ya kupulizia mbweha aliyopewa na wazazi wake, na siku anapozungumza na waandishi wa habari anasema maneno kuhusu wanyama wala nyama ambayo Nick anayasikia mpaka moyoni. Mkono wake unapokwenda kwenye ile dawa, urafiki umekwisha. Kisha anamfuata, analia, anaomba msamaha bila kutaja kazi yake. Jack Cates angejifunza kitu.

Watengenezaji wake walikuja hapa Kenya kutazama wanyama kabla ya kuchora, na mkubwa wa kituo, nyati mwenye hasira anayefoka kutoka mwanzo hadi mwisho, anaitwa Bogo, kutokana na neno letu mbogo. Binti yangu alipolijua hilo alifurahi, akamgeukia mjomba.

"Babu, wewe ulikuwa sungura au mbweha?"

Mjomba alifikiri. "Mimi nilikuwa sungura," alisema. "Mbweha anakaa Kericho siku hizi, anafuga kuku."

"Na mbogo?"

"Mbogo tulikuwa naye," alisema mjomba. "Lakini yule wetu alikuwa akiandika kila kitu."